Bi Shore Alivyomchagulia Ndovu Miti ya Kutazamwa

— Paukwa!
— Pakawa, na tumekaa!
— Mmekaa wapi?
— Penye joto!
— Mnaota nini?
— Moto na maneno!
— Na kipi kiishe mwanzo?
— Kuni ziishe, maneno yabaki!

Basi hapo zamani, kipupwe kilipokuwa kipupwe kweli na si jina tu la kwenye kalenda, palikuwa na bonde. Bonde lilikuwa na mto, mto ulikuwa na kingo, na kingo zilikuwa na miti ya vitunda vidogo: mikwamba, mikole, mikunazi. Mvua za masika zikishaondoka, maua yakishapukutika, baridi ikishateremka kutoka mlimani na kujilaza bondeni kama ng'ombe aliyeshiba, ndipo miti hiyo ilipojipamba. Mkwamba ulivaa shanga nyeupe. Mkole ulivaa rangi ya chungwa. Mkunazi ulivaa wekundu wa chungu kilichotoka tanuuni. Asubuhi ukungu ukipanda, ungedhani bi harusi anafunuliwa shela, polepole, na shangazi asiye na haraka.

Miti hiyo haikupandwa na yeyote. Haikuwa na kamati. Ilizaa tu.

Humo ndimo alimototolewa Bi Shore, yule ndege mdogo wa kahawia mwenye kishungi kichwani na manjano kidogo chini ya mkia, ambaye hata leo ukimwona utadhani ameamka sasa hivi na bado anatafuta kitana. Bi Shore alikumbuka kila kitu cha utoto wake. Alikumbuka jinsi tunda la mkwamba lilivyopasuka mdomoni, pwachu! na utamu wake wenye ukakasi kidogo pembeni. Alikumbuka mama yake akisema, "Kula taratibu, mwanangu, kipupwe ni kirefu." Na alikumbuka Bi Mkubwa, ndovu mzee aliyetawala bonde siku hizo, akipita chini ya matawi, ti, ti, ti, bila kuvunja hata kijiti. Bi Mkubwa alikuwa akiinua macho na kusema, "Kuleni, wajukuu. Hivyo ni vya midomo midogo." Kisha alikwenda zake kula majani ya mlimani.

Siku hizo zilikuwa hivyo. Lakini siku nazo huzeeka.

Bi Mkubwa akafa, na mwanawe akakikalia kiti. Huyu mwanawe alikuwa ndovu wa nguvu, na vyeo vyake vilikuwa virefu kuliko mkonga wake. Alikuwa Mwenyekiti wa Bonde, Mlezi wa Mto, na Mkuu wa Kivuli cha Asubuhi, na pia alikaimu Kivuli cha Jioni. Alipopata vyeo alipata njaa. Na alipopata njaa zaidi, alijiongezea cheo.

Akaona mkole: ng'waa! kaung'oa; kwachu-kwachu, kautafuna; gudu! kaumeza.
Akaona mkunazi: ng'waa! kaung'oa; kwachu-kwachu, kautafuna; gudu! kaumeza, miba na yote.
Akaona mkwamba: ng'waa! kwachu-kwachu! gudu!

Hata ikafika mwaka ambao bonde zima lilibakiwa na kichaka kimoja tu cha vitunda, pale mto unapopinda. Ndege wadogo wote wa bonde walijibanza humo, bawa juu ya bawa.

Na mwaka huo huo, kipupwe kilipoanza kupiga hodi, Katibu Korongo akapanda juu ya jiwe kutangaza. Korongo alikuwa na miguu mirefu, lakini alisimama kwa mmoja tu. Ule wa pili aliuweka akiba kwa mambo ya dharura. Akasafisha koo.

"Inatangazwa," alisema, "kwamba Mheshimiwa Pembembili, ndovu wa ng'ambo ya mlima, atalitembelea bonde letu. Inatangazwa zaidi kwamba, kwa ajili ya ugeni huo, kichaka cha mtoni kitang'olewa, na mahali pake itakuwapo Bustani ya Heshima. Bustani hiyo itakuwa na miti ya mapambo. Miti ya mapambo itakuwa mifenesi, iliyo mikubwa tayari, ambayo Mwenyekiti mwenyewe ataihamisha kwa mkonga wake."

"Mifenesi ni mapambo?" aliuliza mmoja.

"Ni mapambo," alijibu Korongo, "mpaka mgeni aondoke. Baada ya hapo suala litajadiliwa."

Kila mtu alijua suala hilo lingejadiliwa tumboni mwa nani.

Ndege wakakutana kichakani. Palikuwa na kelele, palikuwa na mapendekezo, na wengine walipendekeza kelele zaidi. Bi Tetere, yule njiwa mdogo mzee ambaye sauti yake siku zote ni ya mtu aliyetoka matangani, alikuwa amekaa kimya juu ya kiota. Mwishowe akasema:

"Mimi sina cha kupendekeza. Hawa wanangu hawajaota manyoya ya kuvukia mlima. Kichaka kikienda kabla ya baridi kwisha, nao wanaenda. Ni hivyo tu."

Bi Shore akavitazama vifaranga, vyekundu na vibaya kama vifaranga vyote, vinywa wazi. Akawaza jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kuwa hivyo, mbaya na mwenye kinywa wazi, na jinsi bonde zima lilivyomlisha bila kumuuliza yeye ni nani.

"Shangazi," alisema, "usilie kwanza. Ngoja nikazungumze na mwenye tumbo."

"Utamwambia nini, mwanangu? Kwamba tuna njaa? Mwenye njaa hamsikii mwenye njaa."

"Nitamwambia kwamba ameshiba," alisema Bi Shore. Pururu! Huyo, akaruka.

Langoni kwa Mwenyekiti alimkuta Katibu Korongo.

"Una miadi?"

"Sina, Bwana Katibu."

"Asiye na miadi huomba miadi."

"Basi naomba."

"Maombi hupokelewa kwa miadi."

Bi Shore aliinamisha kichwa kwa heshima, maana hata kuzuia mtu, kukifanywa kwa ustadi hivyo, hustahili heshima. Kisha akasema, "Hapo nimeelewa. Sina haja ya kuingia, bwana. Mfikishie tu mwenyewe kwamba huko ng'ambo ya mlima wanacheka."

"Wanacheka? Wanamcheka nani?"

"Lo, siwezi kulisema hilo nje ya miadi."

Korongo akaushusha mguu wa akiba. "Pita," alisema. "Pita upesi!"

Ndovu alikuwa kazini. Kazi yenyewe ilikuwa mgomba, na ulikuwa umekaribia kwisha.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Wewe ni nani? Sikuoni."

"Ni Shore, bwana. Niko juu ya sikio lako."

"Shuka, unanitekenya. Nani anacheka?"

"Aa, bwana, maneno ya njiani. Nisingependa kuyaingiza katika nyumba ya heshima."

"Yaingize!"

"Wanasema habari za mifenesi. Wanasema, ati, mwenye njaa hupanda chakula mlangoni. Aliyeshiba hupanda cha kutazamwa."

Ndovu akaacha kutafuna. "Mimi nimeshiba!" alinguruma, na kipande cha mgomba kikamtoka mdomoni.

"Mimi najua, bwana. Bonde lote linajua, limeona kwa macho. Lakini nani atamwambia mgeni? Fenesi lenyewe litamwambia vingine. Na fenesi lina harufu. Litamwambia akiwa bado yuko mlimani."

"Basi nipande maua."

"Katika kipupwe? Maua yamelala, bwana. Mgeni atakuja kutazama vijiti."

"Sasa watu wakubwa hupanda nini?"

Bi Shore akajifuta mdomo kwenye tawi, upande huu na upande huu, kama fundi anayenoa kisu. "Watu wakubwa wa kweli," alisema, "huchagua miti ya vitunda vidogo. Vidogo, bwana, visivyoweza kumshibisha yeyote. Tena vinavyoiva kwenye baridi, wakati kila kitu kingine kimekata tamaa. Mgeni akiviona anasema: hee, mwenye nyumba hii ameshiba hata anapanda visivyoshibisha!"

Ndovu akalifikiri neno hilo. Mtu mwenye mwili mkubwa hufikiri kwa mwili wote, basi akatikisika. "Ipo wapi miti hiyo?"

"Twende nikuoneshe."

Wakaenda mtoni, Ndovu ti! ti! ti! na Shore pururu, pururu, na Korongo nyuma yao na muhuri wake. Ukungu ulikuwa bado umeketi juu ya maji. Katikati ya ukungu ule kichaka kilikuwa kimesimama, kimelowa, kimejaa shanga zake nyeupe na za chungwa na nyekundu. Ndege wote walijificha wakabana pumzi. Bi Shore mwenyewe akasahau kwa kitambo kidogo alichokuja kufanya. Kwa jinsi mwanga ulivyokuwa, angeweza kuapa kwamba akigeuka angemwona mama yake kwenye tawi la pili.

Hakugeuka.

"Hiki ni kichaka," alisema Ndovu.

"Kichaka ni jina lake kabla hakijateuliwa, bwana. Kikishateuliwa huitwa bustani."

"Hivi hivi tu?"

"Hivi hivi tu. Kwani wewe kabla ya kiti ulikuwa ukiitwaje?"

Ndovu akakohoa. Kabla ya kiti alikuwa akiitwa Bonge. "Endelea," alisema.

"Tunachagua, bwana. Mkwamba huu ubaki mbele, maana weupe huonekana hata kwenye ukungu, mgeni asipotee njia. Mkole huu ubaki nyuma yake, ili rangi ya chungwa ipate kusimama juu ya weupe. Mkunazi ubaki pembeni. Una miba, utalinda heshima yako hata ukiwa umelala. Na huu ubaki. Na huu. Na ule pale, huo usiguswe kabisa, ule unainama majini. Uzuri unaonekana mara mbili kwa gharama ya mti mmoja."

"Na huu?"

"Huo pia ubaki."

"Mbona hatujang'oa chochote?"

"Ndiyo sababu nikaitwa mshauri, bwana. Ningekuwa mng'oaji ningeitwa wewe."

Ndovu hakujua kama amesifiwa au ametukanwa, na kama wakubwa wengi katika hali hiyo, akachagua kusifiwa. Akaunyoosha mkonga kwenye tawi la mkole, akafungua mdomo...

"Bwana!" Bi Shore alipiga kelele. "Vyombo vya kabatini!"

Mkonga ukasimama hewani.

Hapo msishangae. Nyinyi nyote mnalijua kabati hilo. Lina mlango wa kioo, limejaa vikombe vyenye maua ya dhahabu na mabakuli yenye vifuniko, na nyinyi mmekunywa uji kwenye kopo lililobonyea miaka yote mkivitazama. Bi Mkubwa naye alikuwa na kabati lake. Ndovu alipokuwa mtoto aliwahi kuchukua bakuli moja humo, akalitia maji. Mama yake alimchapa mkonga mmoja tu wa matako, na maneno yakafuata: "Chombo cha kabatini ni cha mgeni! Mwenye nyumba hakigusi! Au unataka watu waseme hatuna vingine?"

Sasa Ndovu mzima, mwenye vyeo vyote vile, alisimama kwenye ukungu akihisi matako yakimwasha.

"Alikuwa na sauti, mama yangu," alisema taratibu.

"Ilikuwa ikifika mpaka juu ya mti," alisema Bi Shore. "Tulikuwa tukiisikia tukinyamaza hata sisi tusiokuwa na makosa."

Wakakaa kimya wote wawili, kila mmoja na mama yake.

"Pambo ni chombo cha kabatini, bwana," alisema Bi Shore baadaye, kwa sauti ndogo. "Mwenyewe akilila, si pambo tena. Ni chakula tu, na yeye ni mwenye njaa tu."

Ndovu akaukunja mkonga. "Sitagusa," alisema. "Na mtu mwingine yeyote asiguse!"

"Isipokuwa mgeni."

"Mgeni?"

"Vyombo vya kabatini ni vya nani, bwana?"

"Vya mgeni."

"Mgeni akija akanyimwa?"

"Ni aibu." Ndovu akatafakari, na safari hii jicho lake dogo likameremeta. Mlafi si lazima awe mjinga. Mara nyingi ni mvivu tu wa kutumia akili. "Lakini mimi nami nalijua neno la wazee," alisema. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe! Nina bwawa langu la kuogea linataka kuchimbwa. Atakayekula vitunda vyangu siku mbili, ya tatu atachimba. Korongo! Weka muhuri!"

Twa! Korongo akapiga muhuri juu ya jani lililokuwa karibu, maana hakupenda muhuri ukae bila kazi.

Kishungi cha Bi Shore kikamlala kichwani. Hilo hakulitarajia. Akarudi kwa wenzake, akawaambia: kichaka kimepona, lakini kuna jembe.

"Kuchimba bwawa la ndovu!" alilia Bi Tetere. "Kwa miguu hii? Si bora njaa?"

"Shangazi, neno linasema siku ya tatu mpe jembe. Halisemi mfuate nalo."

Mheshimiwa Pembembili akaja, akatazama, akatikisa masikio. Alipokaribishwa kula, alichuma kitunda kimoja kwa ncha ya mkonga, akakila kwa madoido. "Ndugu yangu," alimwambia mwenyeji, "aliyeshiba huonekana kwa miti yake." Mwenyeji akatabasamu, akameza mate: gudu! Tangu hapo heshima ilikuwa imemkaa shingoni kama mfupa, haishuki wala haitoki.

Mgeni mkubwa alipoondoka, wageni wadogo wakaanza.

"Hodi!"

"Nani?"

"Wageni!"

"Karibuni," alisema Ndovu, kwa meno.

Wakala siku ya kwanza, pwachu-pwachu. Wakala siku ya pili, pwachu-pwachu. Alfajiri ya siku ya tatu Ndovu akaja na jembe, ti! ti! ti! Hamna mtu. Matawi yalikuwa bado yanatikisika.

"Hodi!"

"Nani?"

"Wageni!"

Ni kundi jingine. Wakala siku mbili. Alfajiri ya tatu, ti! ti! ti! jembe begani. Hamna mtu.

"Hodi!"

"Nani?"

"Wageni!"

Ndovu akakaza macho. "Nyinyi si ndio wa juzi?"

"Wa juzi waliondoka, bwana," alisema Bi Shore. "Sisi tumefika leo. Nyumbani hawajambo? Safari ilikuwa ndefu, njia ina vumbi, lakini tumeshafika."

"Korongo! Hawa ni wageni?"

Katibu Korongo akalipima jambo hilo kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. "Mgeni aliyeondoka ameondoka," alitoa uamuzi. "Aliyefika amefika. Ofisi haiwezi kumjua mtu kwa sura."

Ikaendelea hivyo. Kipupwe kikazama, baridi ikauma, umande wa asubuhi ukawa mzito kama mvua. Vifaranga vya Bi Tetere, vilivyofichwa na miba ya mkunazi kila alfajiri ya tatu, vikaota manyoya, kwanza vibaya, kisha si vibaya sana. Na Ndovu akakonda. Alikwenda kula majani ya mlimani kama alivyokuwa akifanya mama yake, akirudi kila alfajiri na jembe lake.

Lakini yeye naye akajifunza. Asubuhi moja hakuja na ti! ti! ti! Alikuja kwa ncha za vidole, na ndovu akitembea kwa ncha za vidole hunyatia kuliko paka. Ndege walikuwa wanaondoka, pururu, pururu. Kifaranga mmoja wa Bi Tetere hakuthubutu kuruka. Alishika tawi, akafumba macho. Bi Shore akarudi kumsukuma. Yule akaruka. Bi Shore alipogeuka ili amfuate, alikuta ukuta wa kijivu. Mkonga huku, pembe huku, sikio juu.

"Hodi," alisema Ndovu.

"Karibu, bwana," alisema Bi Shore, moyo ukimpiga kama ngoma ya unyago.

"Leo ni siku ya ngapi, mgeni wangu?"

"Ya... leo si ya tatu, bwana?"

"Ya tatu! Korongo! Lete jembe! Huyu atachimba bwawa peke yake, kwa niaba ya wote. Na akishindwa, nalikanyaga jembe na mwenye jembe!"

Bi Shore akalitazama jembe. Mpini wake peke yake ulikuwa mnene kuliko mti aliozaliwa juu yake. Akatazama juu, mbingu yote ilikuwa sikio la ndovu. Akakumbuka kwamba wenzake wameshafika mbali na hakuna atakayerudi, na kwamba akifa yeye, kesho Ndovu atakuwa ameshaonja ushindi, na mwenye kuonja hamalizii hapo. Kichaka kingekwenda naye.

"Bwana," alisema, "jembe hilo ni la nini? Mimi nimeshalima."

"Umelima wapi?"

"Kote. Sisi wageni wako wote tumelima, kila siku ya tatu, bila kukosa. Hukuona? Nipandishe juu ya kichwa chako twende."

Wakapanda kilimani, Korongo nyuma yao, na jua likapanda nao. Ukungu ukaanza kuondoka. Ndovu akatazama bonde lake, lile bonde alilolila likabaki uwanja, na hakuliamini. Penye mashimo aliyong'oa miti palikuwa na vichipukizi. Kando ya mto, vichipukizi. Juu ya vichuguu, vichipukizi. Hata kwenye ufa wa jiwe alilotangazia Korongo, mkwamba mdogo wenye majani manne ulikuwa umesimama kama ofisa mpya.

"Nani kapanda?"

"Sisi, bwana."

"Kwa jembe gani?"

Bi Shore akatazama pembeni kwa haya. "Bwana mkubwa, kitu kikiingia kwa mdomo..." alisema. "Jembe letu sisi liko nyuma. Tunakula kwako siku mbili. Ya tatu tunatua huko na huko, na tunalima tukiwa tumekaa."

Ndovu akavitazama tena vichipukizi. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka, ha! ha! ha! mpaka Bi Shore akashika unywele asianguke. Alikuwa hajacheka tangu apewe kiti.

"Tena mbegu zote zimetoka katika bustani yako," alisema Bi Shore upesi, kabla kicheko hakijapoa. "Mtoto wa kuku ni kuku, mtoto wa bustani ni bustani. Bonde lote sasa ni Bustani ya Heshima, bwana."

"Lote?"

"Lote."

"Kubwa kuliko ya Pembembili?"

"Pembembili? Ana bustani yeye? Ana majani tu."

"Korongo!" alinguruma Ndovu. "Weka muhuri! Kuanzia leo bonde lote, kila mti, kila tunda, ni Bustani ya Heshima!"

Twa!

Pakapita kitambo kidogo. Ndipo tumbo lake, ambalo halikushirikishwa katika uamuzi, lilipoelewa. Ngurrr, likasema.

"Shore," alisema Ndovu taratibu, "sasa mimi nitakula nini?"

"Vyako, bwana?" Bi Shore alikuwa tayari kwenye upepo. "Chombo cha kabatini, mwenye nyumba?"

Ndovu alivumilia miaka kadhaa. Vichipukizi vikawa miti, miti ikazaa, bonde likajipamba kila kipupwe, na mwenye bonde akalizunguka kwa nje akila magome. Mwishowe akajiuzulu. Ilitangazwa kwamba ni kwa sababu za kiafya, na haikuwa uongo: njaa ni jambo la afya. Akavuka mlima. Korongo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, aliendelea kukilinda kiti kitupu na kukikatalia miadi.

Kisha, kipupwe kimoja, asubuhi, kivuli kikubwa kikasimama ukingoni mwa miti. Hakikuvunja hata kijiti.

"Hodi," kilisema.

Bi Shore, ambaye sasa kishungi chake kilikuwa kimeingia mvi, akasogea kwenye tawi la mbele.

"Nani?"

"Mgeni."

Bi Shore alimtazama kwa muda. Alikuwa mgeni kweli. Hakuna cheo hata kimoja kilichombakia mwilini. "Karibu, mgeni," alisema. "Kula."

Ndovu akanyoosha ncha ya mkonga, akachuma tunda moja la mkwamba, moja tu, akaliweka juu ya ulimi. Akafumba macho. Pwachu.

"Shore," alisema, "mama alikuwa akijua kwamba ni vitamu hivi?"

"Alijua."

"Na hakula?"

"Hata kimoja."

Ndovu akaurudisha mkonga kwenye tawi. Alikula kimoja kimoja, kama anayesoma. Siku ya pili akala pia, na vifaranga wa mwaka ule wakamkalia mgongoni wakigombania nafasi.

Alfajiri ya siku ya tatu ndege wakaanza kutazamana. Neno la wazee ni neno la wazee, lakini nani atampa ndovu jembe?

"Mwambie wewe, mwanangu," alinong'ona Bi Tetere. "Wewe ndiye mshauri."

Bi Shore akajikaza. "Bwana," alianza, "unajua leo ni..."

"Najua," alisema Ndovu akiinuka. "Nalima njiani."

Akaondoka taratibu kuelekea mlimani, ti, ti, ti, na kila alipopita aliacha nyuma yake jembe ambalo ndege wote wa bonde, kwa miaka yote waliyolima, hawakupata kuliona la ukubwa ule. Bi Tetere akafunika macho ya vifaranga. Lakini mvua za masika zilipokuja na kuondoka, palipokuwa na kila rundo paliota kichaka kizima, kutoka mtoni mpaka juu mlimani, hata ng'ambo.

Ngano yangu imefika, mimi nimebaki njiani. Aliyeshiba afute mdomo. Aliyebaki na njaa akawaulize majirani wanapika nini.

Na funzo lake, maana hamtaniachia niende bila funzo, ni hili: mdogo asijitie katika mambo ya wakubwa, kwani hana nguvu, hana cheo na hawezi kufanikiwa. Bonde lile lilioteshwa na uongozi bora. Asiyeamini akamuulize Katibu Korongo. Yeye ndiye mwenye muhuri. Ila aende na miadi.